Sumaku ya kuchoma kansa ya maini ni ya kweli, bangili ya sumaku ni uongo

Uvira, Kivu ya Kusini. Wiki iliyopita baba mmoja aliyehama kutoka Kamanyola alinisimamisha kwenye barabara ya Kavimvira. Anaishi na familia yake katika chumba kimoja cha kuazima. Akatoa simu yake, akanionyesha video aliyotumiwa na kijana wa jirani. Ndani yake kuna daktari wa Ulaya, mashini kubwa nyeupe, na sauti ya Kiswahili iliyobandikwa juu, inayosema kwamba siku hizi kansa ya maini inachomwa kwa sumaku, bila kisu na bila damu. Mwisho wa video kuna namba ya simu na bei: bangili ya sumaku, dola 40.

«Mwanangu, ninyi watu wa redio munajua mambo. Mama watoto tumbo limevimba, macho yamekuwa ya manjano. Ninunue?»

Nilimwambia asinunue. Lakini nilipofika nyumbani niliona jibu hilo halitoshi. Wahami wengi wamepata video hiyo, na wanaoiuza wanajua wanachofanya: wamechukua jambo la kweli, wakalifunga pamoja na uongo. Ukimwambia mtu kwamba yote ni uongo, kesho atakutana na msomi atakayemwambia kwamba sumaku hiyo ipo kweli, naye atakuona wewe ndiye mwongo. Kwa hiyo tutenganishe.

Jambo la kweli ni hili. Mwaka 1957 madaktari wa Marekani, wakiongozwa na Gilchrist, waliandika kwamba chembechembe ndogo sana za chuma zikiingizwa mahali penye kansa, kisha mgonjwa akawekwa ndani ya nguvu ya sumaku inayogeuka-geuka, chembechembe hizo zinapata moto na kuchoma mahali pale tu. Chembe zinazotumika leo ni ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya kawaida haizioni. Chukua milimeta moja, uigawe mara milioni: chembe moja ina vipande kama 15 tu vya hivyo.

Ukitaka kuelewa moto unatoka wapi, chukua waya, uukunje huku na huku haraka ili uukate. Kabla haujakatika, gusa pale unapokunja: pana moto. Hakuna aliyewasha kiberiti. Ni nguvu ya mikono yako, inayougeuza waya huku na huku, iliyogeuka kuwa joto. Mfano huu si kamili, lakini ni jirani wa ukweli. Katika mashini ile, nguvu ya sumaku inageuka kama mara 100,000 kwa sekunde moja, na kila inapogeuka inavuta chembe za chuma huku na huku. Joto linapanda. Mwili wa mtu mzima una digrii 37. Kuanzia digrii 41 hadi 46 chembe hai za kansa zinaanza kudhoofika, na zikikaa katika joto hilo muda wa kutosha nyingi zinakufa. Zaidi ya hapo zinaungua.

Kampuni ya Ujerumani, MagForce, ilipata ruhusa mwaka 2010 ya kutumia njia hii Ulaya kwa kansa ya ubongo. Ni kansa ya ubongo, si ya maini. Kwa upande wa maini, kazi kubwa imefanyika kwa wanyama: sungura, panya, nguruwe. Wataalamu wa Australia walipeleka chembe za chuma kupitia mshipa wa damu unaolisha uvimbe, kwa sababu maini yana bahati ya pekee. Sehemu nzima ya maini inapata damu yake nyingi kutoka mshipa unaotoka kwenye matumbo, lakini uvimbe wa kansa unakula karibu chakula chake chote kupitia mshipa mwingine, ule unaotoka moyoni. Ukipitisha dawa kwenye mshipa wa pili, inakwenda zaidi kwa adui kuliko kwa raia.

Ni fikra nzuri sana, na sina dharau nayo. Lakini maini ni mahali pagumu. Kila tunapovuta pumzi yanasogea. Damu nyingi inayopita ndani yake inapoza moto. Maini yenyewe yana tabia ya kumeza chembe za chuma zinazopita, kwa hiyo sehemu nzima nayo inaweza kupata moto. Mgonjwa mwenye chuma mwilini karibu na mahali pa tiba hawezi kuingia, maana chuma hicho nacho kitawaka. Ndiyo maana mpaka leo mtu hawezi kwenda Bujumbura, Kampala au Dar es Salaam akaomba kuchomwa uvimbe wa maini kwa sumaku kama anavyoomba kung'olewa jino.

Sasa tuje kwenye bangili. Sumaku ya bangili haigeuki, imelala tu. Na ndani ya maini ya mgonjwa hakuna chembe za chuma zilizowekwa na daktari. Bila chembe na bila kugeuka hakuna joto. Jaribio lake ni rahisi: mwambie muuzaji aivae yeye mwenyewe kutwa nzima, halafu uguse mkono wake. Kama bangili haiwezi kupasha moto ngozi inayoigusa, itachomaje uvimbe ulio ndani ya mbavu? Hizo dola 40 kwa familia ya wahami ni unga, ni mafuta, ni kodi ya chumba. Anayezichukua kwa njia hiyo ni mwizi kama mwingine yeyote, hata kama havunji mlango.

Lakini ndugu zangu, uongo wa bangili unapata nafasi kwa sababu kuna uongo mwingine tuliokwisha kuukubali. Huko kwetu mtu akikonda, tumbo likajaa maji, macho yakawa manjano, neno la kwanza ni moja: karuho. Amewekewa sumu. Halafu tunaanza kuhesabu: alikula wapi, alikunywa pombe kwa nani, nani hawapatani naye. Mara nyingi kidole kinaangukia mama mzee anayeishi peke yake, au mke mwenza, au siku hizi mhami mgeni ambaye hatujui ukoo wake. Tumeona nyumba zikichomwa na watu wakifukuzwa usiku kwa neno hilo moja. Na mgonjwa, wakati huo wote, anatapishwa kwa dawa za mizizi ambazo maini yake yaliyochoka hayawezi kuzibeba.

Sisemi kwamba duniani hakuna mtu anayeweka sumu. Ninasema kwamba ugonjwa huu una sababu zinazojulikana, na zinapimwa.

Sababu ya kwanza ni virusi vya hepatiti B. Mmarekani Baruch Blumberg aligundua alama yake ndani ya damu katika miaka ya 1960, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1976. Virusi hivi vinapita kwa damu, kwa ndoa, na zaidi ya yote kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Hapa ndipo penye hesabu ambayo kila mzazi angeijua. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili unavifukuza: chini ya 5 kati ya 100 ndio wanaobaki navyo. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 90 kati ya 100 wanabaki navyo maisha yote. Havimsumbui. Anacheza, anasoma, anaoa, anavua ndagala. Halafu akifika miaka 40 na kitu, mwenye watoto wadogo, tumbo linavimba. Utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda na Tanzania zikiwemo, ukatangazwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba ukiiacha Misri, nusu ya wagonjwa wa kansa ya maini hawajafikisha hata miaka 46, na nusu yao wanafariki katika muda wa kama miezi miwili na nusu baada ya ugonjwa kujulikana. Ndiyo maana tunasema «aliugua ghafula». Hakuugua ghafula. Aliugua siku aliyozaliwa.

Sababu ya pili iko ndani ya gunia. Ukungu wa kijani au wa manjano unaoota kwenye mahindi na karanga zilizolowana unatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Hiyo ndiyo sumu ya kweli ambayo tungeitafuta kabla ya kumtafuta jirani. Katika miaka ya 1966 na 1967 watafiti walipima vyakula 480 vilivyohifadhiwa sehemu mbalimbali za Uganda, wakakuta karibu 3 kati ya 10 vina sumu hiyo, na mahali palipokuwa na sumu nyingi, kama Karamoja, ndipo kansa ya maini ilipoonekana zaidi. Kenya, mwaka 2004, mahindi yaliyooza yaliua watu 125 huko Makueni, Kitui na jirani zake. Kupika hakuiondoi. Kusaga hakuiondoi, kunaificha tu. Na mwenye hepatiti B akila sumu hiyo miaka mingi, hatari yake inazidishwa mara nyingi.

Fikirieni sasa maisha yetu ya hapa. Tangu Bukavu ilipochukuliwa mwezi wa pili 2025, familia nyingi zimeshuka bonde la Ruzizi na gunia moja kichwani. Wengine wamelala katika madarasa na makanisa. Mwezi wa kumi na mbili vita vikafika Uvira yenyewe, maelfu wakavuka Burundi. Mahindi yanakaa chini kwenye udongo, ziwa limepanda, mvua inaingia. Halafu tunasaga yote, nzima na mbovu pamoja, kwa sababu hakuna mengine. Simlaumu mama anayefanya hivyo. Ninamwomba tu: mbao mbili chini ya gunia, jua kila linapowaka, na zile karanga zilizokunjamana au zenye rangi mbaya zitupwe, zisikaangwe za watoto. Na wale wanaogawa msaada, waangalie magunia kabla ya kuyapakua.

Kuna na kanyanga, ambayo inaunguza maini taratibu. Wanaokunywa wanajua, sitahubiri. Na kuna kichocho cha maji ya ziwa na mito yetu, ambacho kinaziba mishipa ya maini, tumbo linajaa, mgonjwa anatapika damu. Hicho si kansa, na wadudu wake wanauawa kwa vidonge vya prazikwanteli. Ndiyo sababu ninawaambia: tumbo kuvimba si hukumu. Inaweza kuwa kichocho, inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa kifua kikuu cha tumboni. Mpaka apimwe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo lilipo shauri langu. Tuseme kesho asubuhi meli inatia nanga Kalundu ikiwa na mashini ile nyeupe ya sumaku, mpya, ya bure, na mtaalamu wake. Nani angetibiwa?

Tiba zote za kuchoma uvimbe wa maini, hata zile zilizokwisha kuzoeleka za kuingiza sindano yenye joto, zinafaa zaidi uvimbe ukiwa bado mdogo, chini ya sentimeta 3. Uvimbe wa namna hiyo hauumi. Unaonekana tu kwa ekografi, kwa mtu anayejua kwamba ana hepatiti B na anayerudi kuangaliwa kila miezi 6. Kwetu hapa ni watu wangapi wanajua kama wanayo? Umeme unakuja saa ngapi? Mgonjwa wa Makobola au wa Mboko anafika hospitali kwa nauli ipi, na barabara ipi? Wagonjwa wetu wanaletwa tumbo likiwa limekwisha kujaa. Mashini ingekaa pale, inapigwa vumbi, na sisi tungeendelea kuzika. Na hata ingechoma uvimbe mmoja, maini yenyewe yaliyokwisha kuharibika yangebaki yaleyale.

Wapo watakaoniambia: «Kwa hiyo wewe unasema masikini wasipate vitu vya kisasa?» Hapana. Neno hilo nimelisikia zamani, na lilikuwa baya. Dawa za ukimwi zilipoanza kuokoa watu Ulaya, wapo waliosema Waafrika hawataweza kuzimeza kwa saa. Leo zinamezwa Uvira, Fizi, mpaka vijiji vya juu. Na moja ya dawa hizo, tenofovia, ndiyo hiyohiyo inayozuia hepatiti B isiharibu maini. Ninataka mtoto wa Sange au wa Kiliba asome fizikia, ajenge mashini ya sumaku iliyo bora kuliko ya Ujerumani. Ninachosema ni kwamba kila kitu kina mlango wake. Kolera imetufundisha hivyo katika mji huu: tunahitaji serumu kwa aliyekwisha kuanguka, lakini anayemaliza kolera ni bomba la maji safi. Kwa kansa ya maini, bomba letu ni chanjo.

Chanjo ya hepatiti B ilianza kutumika miaka ya 1980. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984. Baada ya miaka kama kumi, kansa ya maini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilipungua karibu nusu. Ilikuwa chanjo ya kwanza kuonyesha kwamba kansa inaweza kuzuiwa kwa sindano. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Bei yake, kwa wanaonunua kwa wingi, haifiki hata dola 1. Ulinganishe na bangili.

Sisi je? Kalenda ambayo mama zetu wameizoea inasema hivi: akizaliwa, chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio, akifika wiki ya 6, ndipo sindano yenye chanjo tano ndani, hepatiti B ikiwa moja yake, kisha wiki ya 10 na ya 14. Sindano hizo ni nzuri, msiziache. Lakini virusi vya mama havingoji wiki 6. Mwaka 2022 Afrika ilikuwa na maambukizi mapya ya hepatiti B 63 kati ya kila 100 ya dunia nzima, na ni watoto wachanga 18 tu kati ya 100 barani kwetu waliopata dozi ya siku ya kwanza. Hapo ndipo tunapopoteza watu, si kwenye sumaku.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne, na ninayaomba kwa sauti, kwa wakuu wa afya wa eneo, kwa serikali ya jimbo na kwa mashirika yanayopita na magari yao meupe.

Moja, kila mama mwenye mimba anayefika kupimwa, mwenyeji au mhami, apimwe hepatiti B siku ileile anayopimwa ukimwi. Ni tone la damu na dakika chache. Pili, dozi ya saa 24 iwepo kwenye friji ya kila mahali mama anapozalia, na wakunga wanaozalisha kambini wapewe njia ya kuifikia. Tatu, tenofovia isifungiwe kabati la ukimwi peke yake. Mama mwenye hepatiti B aipate, maana ikimezwa miezi ya mwisho ya mimba inapunguza sana virusi vinavyomfikia mtoto. Nne, mgonjwa ambaye tumechelewa kumwokoa asiachwe alie. Kampala, shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, linatengeneza mofini ya kunywa kwa bei ndogo, na maelfu wamekufa bila kupiga kelele za maumivu. Kampala si mwezini.

Na kwetu sisi raia, ombi ni moja: tuache neno karuho lisimame mlangoni mpaka kipimo kiingie kwanza. Reko wa mtaa akipita, mumwulize kuhusu hepatiti B. Mkiogopa kwamba aliye nayo atatengwa, jueni kwamba haipiti kwa kusalimiana wala kwa kula sahani moja ya bugali.

Yule baba wa Kamanyola hakununua bangili. Dola zake alizitumia kwa nauli na ekografi. Mama watoto ana hepatiti B, na uvimbe umekwisha kuwa mkubwa. Daktari aliwaambia ukweli, kwa upole, akampa dawa za maumivu. Nilitamani nimletee msomaji habari nyingine, lakini ndiyo hiyo.

Kisha daktari akauliza jambo ambalo video haikuuliza: watoto wako wangapi, nao wamepimwa? Wako watano. Wanne hawana. Wa kwanza, binti mwenye mimba ya miezi saba, anayo.

Baba yake alinipigia jana jioni. Hakuuliza tena habari ya sumaku. Aliuliza siku mjukuu wake atakapozaliwa, ile sindano ya saa 24 ataikuta wapi. Nilimwambia nitauliza. Sasa nimeuliza, mbele ya watu wote, na binti amebakiza miezi miwili.